Kipito cha Mtakatifu Bernardo Mkuu

1. Kipito ni nini?

Msafiri akikuta milima mirefu mbele yake, hatafuti kilele. Hutafuta mahali ambapo milima imeinama. Hapo, katikati ya vilele viwili, watu na nyama hupita na mizigo yao kwenda upande wa pili. Mahali kama hapo huitwa kipito. Kipito ni mlango katika ukuta wa milima.

Tazameni ramani ya Ulaya. Milima ya Alpi ni ukuta mkubwa unaotenga Italia na inchi za Ufaransa, Uswisi na Austria. Kilele chake kirefu kupita vyote ni Mont Blanc, chenye metre zaidi ya 4800. Ruwenzori yetu inakipita, maana ina metre 5109. Mtoto aliyeona weupe juu ya Ruwenzori asubuhi, mawingu yakiondoka, amekwisha kuona theluji ile ile inayofunika Alpi.

Kipito cha Mtakatifu Bernardo Mkuu kiko kati ya mji wa Martigny katika Uswisi na mji wa Aosta katika Italia. Kimo chake ni metre 2469. Kinapita mji wa Bukavu kwa kimo cha metre karibu 1000. Lakini Alpi ziko mbali na ikweta. Kwa hiyo theluji hulala juu ya kipito tangu mwezi wa kumi hata mwezi wa tano au wa sita. Wakati huo barabara ya kipito hufungwa.

2. Waliopita zamani

Njia hii ni ya kale sana. Warumi walipita hapa na askari wao, wakajenga hekalu la mungu wao Jupiter juu kabisa. Mwaka 990 Sigeric, Askofu mkuu wa Canterbury katika Uingereza, alikwenda Roma. Aliporudi, vituo vya safari yake viliandikwa, navyo vilikuwa 79. Hata leo watu huishika njia ile kwa miguu.

Mwezi wa tano wa mwaka 1800 Napoleon alipitisha hapa askari karibu 40 000. Theluji ilikuwa bado nyingi. Mizinga haikuweza kukokotwa kwa magurudumu. Basi askari walichimba magogo ya miti, wakalaza mizinga ndani, wakavuta kwa kamba. Katika picha moja yenye sifa Napoleon anaonekana juu ya farasi mweupe anayeruka. Lakini kwa kweli alipanda nyumbu, akiongozwa na mtu wa mlima aliyejua njia. Mkubwa wa askari wote alimfuata mwenyeji. Mlima hauogopi cheo cha mtu.

3. Nyumba ya wasafiri

Si wote waliofika upande wa pili. Wengine walipotea katika ukungu. Wengine walifunikwa na poromoko la theluji. Bonde moja karibu na kipito, upande wa Uswisi, huitwa hata leo Bonde la Wafu.

Karibu na mwaka 1050 Bernardo, padri mkubwa wa Aosta, aliwaonea huruma wasafiri. Akajenga nyumba juu kabisa, mahali penye upepo na baridi kali. Watawa wakakaa humo ili kupokea kila mtu, tajiri au maskini. Watawa wa Mtakatifu Augustino wangali humo. Wakati wa theluji hakuna motokari inayofika, lakini mlango wa nyumba haufungwi. Anayefika hupata moto, chakula na kitanda. Mwaka 1923 Papa Pio XI, aliyekuwa mpanda milima mwenyewe alipokuwa padri, alimweka Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa watu wa milimani.

Watawa walifuga mbwa wakubwa wenye manyoya mengi. Mbwa hawa walikuwa na pua kali. Walisikia harufu ya mtu aliyezikwa chini ya theluji, wakaifukua kwa miguu. Mmoja wao, jina lake Barry, aliishi tangu 1800 hata 1814. Inasemekana aliokoa watu 40. Mwili wake umehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Berne. Siku hizi helikopta hufanya kazi ile. Tangu mwaka 2005 mbwa hutunzwa na shirika moja la Martigny, lakini wakati wa joto huonekana tena kwenye kipito.

4. Kupanda kwa kinga

Mwaka 1964 tuneli ya urefu wa kilometre karibu 6 ilifunguliwa chini ya mlima. Motokari nyingi na malori hupita humo mwaka mzima. Basi barabara ya kale ya juu imebaki na kelele kidogo. Wakati wa joto ni furaha ya watu wa kinga na watu wa miguu. Mwaka 2009 hata mashindano ya Tour de France yalipita juu yake.

Martigny iko kwenye kimo cha metre karibu 470. Basi mtu wa kinga ana metre 2000 za kupanda, katika mwendo wa kilometre karibu 45. Anatoka asubuhi, akipita mashamba ya matunda na vijiji vya mawe. Hakimbii. Anaweka mnyororo juu ya gurudumu kubwa la meno la nyuma. Hivyo miguu inazunguka mara nyingi, kinga inakwenda polepole, lakini nguvu haziishi upesi. Anayeanza kwa haraka ili kuwashinda wenzake, mara nyingi hukutwa baadaye amekaa kando ya njia.

Kilometre 6 za mwisho ni kali. Barabara ya tuneli imeachwa, na njia ya kale inajipinda kama nyoka. Miti imekwisha, kuna majani mafupi, mawe na mito ya maji baridi. Kila mara mtu akipanda metre 1000, hewa hupoa kwa digrii karibu 6. Kama Martigny kuna digrii 25, juu ni karibu 13 tu. Tena upepo huvuma. Mwishoni anaona nyumba ya watawa, na mbele yake ziwa dogo ambamo vilele vinaonekana kama katika kioo.

Watu wengi hufikiri kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Kuteremka kwenda Aosta ni kilometre karibu 34. Shati limelowa kwa jasho, na upepo wa mbio hugandisha mwili. Vidole vikifa ganzi, haviwezi kushika breki. Kwa sababu hiyo watu wa kinga wa zamani walitia karatasi za gazeti kifuani, chini ya shati, kabla ya kuteremka. Tena, mwenye akili hashiki breki bila kuachia. Breki ikishikwa daima, chuma cha gurudumu hupata moto, na mpira huweza kupasuka. Hushika kwa nguvu kabla ya kona, halafu huachia.

5. Kupanda kwa miguu

Mtu wa miguu huweza kuanza katika kijiji cha Bourg-Saint-Pierre, kwenye metre karibu 1630. Safari ni ya saa nne au tano. Njia yake si barabara. Ni kijia chembamba kinachopita kando ya ziwa kubwa la Toules, halafu malishoni mwa ng’ombe, halafu Bonde la Wafu.

Mtu wa kinga huona mbali, lakini mtu wa miguu huona karibu. Anaona maua madogo yanayojificha kati ya mawe. Anasikia mlio mkali kama filimbi: ni marmota, nyama mdogo mnene, akiwaonya wenzake kwamba mtu anakuja. Katika mawe mengine karibu na kilele cha njia anaona alama za barabara ya Warumi, iliyochongwa katika mwamba.

6. Mtu mwenye akili hurudi

Milimani hewa hugeuka upesi. Asubuhi jua huwaka. Saa nane mawingu yanakuja, na mvua, radi au hata theluji, ijapokuwa ni wakati wa joto. Kwa hiyo watu wa Alpi huwafundisha watoto wao mambo haya:

Toka mapema, ili ufike kabla ya mchana kupita.
Waambie watu wa nyumbani njia utakayoshika.
Chukua koti, chakula na maji, hata jua likiwaka.
Usimwache mwenzako aliyechoka.
Ukiona ukungu unafunika njia, rudi.

Neno la mwisho ndilo gumu kupita yote. Mtu amepanda saa tatu, anaona kipito karibu, naye anaona haya kurudi. Lakini waliolala katika Bonde la Wafu, wengi wao walifikiri: “Bado kidogo tu.” Kipito hakikimbii; kesho kitakuwako. Yeye arudiye leo huweza kupanda tena kesho.

Maulizo

1. Kipito ni nini? Je, katika milima ya kwenu kuna mahali pa namna hii? Watu hupitisha nini pale?
2. Kwa nini Bukavu hakuna theluji?
3. Askari wa Napoleon walipitishaje mizinga?
4. Kama kule chini kuna digrii 20, juu kwa metre 1000 kuna digrii ngapi?
5. Kwa nini mtu wa kinga huvaa vizuri kabla ya kuteremka?
6. Mwenzako anataka kuendelea katika ukungu. Utamwambia nini?