Hampigi, lakini wifi ana hofu

*Shangazi, kaka yangu hajawahi kumpiga mkewe. Ila mshahara wa wifi wote humkabidhi yeye, naye humhesabia nauli. Simu yake huikagua kila jioni. Wifi akija kwetu, hajibu swali kabla ya kumtazama mumewe. Mama anasema nisiingilie nyumba ya watu. Huu ni ukatili au ndiyo ndoa? — Wifi, Morogoro*

Mwanangu, huo ni ukatili. Tumezoea kuutafuta kwenye jicho lililovimba, ilhali kipigo ni njia mojawapo tu ya kumfanya mtu asiwe na kauli juu ya maisha yake. Aliyekwisha kushika nauli, simu na ndugu wa mwenzake hana haja ya ngumi. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, mila iseme itakavyo. Lakini haikuishia hapo. Kifungu cha 107 kinautaja ukatili wa kiakili sambamba na wa kimwili kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, wameutaja waziwazi hata ukatili wa kiuchumi.

Utaambiwa kuwa nyumba nyingi fedha hushikwa na mmoja, na watu wanaishi kwa amani. Ni kweli. Lakini aliyekabidhi kwa hiari anaweza kuuliza zimekwenda wapi, na mwezi ujao akakataa kuzitoa. Jiulize: wifi akikataa, kitatokea nini? Kwingine watanuniana siku mbili. Mtu anayeomba ruhusa kwa macho kabla ya kujibu maswali ya mawifi zake anajua jibu baya zaidi. Na mama anaposema ni nyumba yao, mkumbushe kwa adabu kwamba ukoo huohuo ulikaa vikao kupanga mahari, wala hakuna aliyesema tusiingilie.

Hata hivyo usikimbilie kuitisha kikao. Wifi akiulizwa mbele ya mumewe atasema hana tatizo, kisha atalipia kikao hicho nyumbani. Usimkabili kaka yako kwanza pia. Akikukasirikia, huenda ukawa mlango wa mwisho kufungwa. Zungumza na wifi mkiwa wawili, ana kwa ana, wala usimwandikie lolote kwenye simu inayokaguliwa. Msikilize, umwamini, umwachie uamuzi. Usimshinikize aondoke kesho: wakati wa kuondoka ndio mara nyingi hatari huongezeka, hivyo kuna haja ya mpango. Jitolee kumtunzia nakala za cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto kama wapo, na kitambulisho chake cha NIDA. Akiwa tayari, msindikize Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Akiumizwa, polisi hutoa fomu ya PF3, na daktari huijaza.

Huenda kinachomzuia ni hofu ya kutoka mikono mitupu. Mwambie kwamba tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye ana kazi hizo, na mshahara juu yake. Mawakili wa TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanaweza kumweleza haki yake bila kumlazimisha kufungua kesi.