Kuichora Dhiki Isiyosemeka

Mwenye homa akiulizwa anaumwa wapi huonyesha. Mwenye sonona akiulizwa hali hujibu "njema," kwani katika miji yetu ya pwani salamu haina jawabu jingine, na aghalabu anayethubutu kuifichua ghamu yake huambiwa imani imempungua, au ana shetani. Nami niliitikia hivyo muda mrefu, hali usiku silali na chakula hakipiti kooni. Kilichonifungua hakikuwa ulimi, bali kipande cha mkaa.

Basi anza na mkaa. Ule wa jikoni watosha, ilimradi uteue kijiti chembamba kilichoungua sawasawa, maana kibonge kigumu huchana karatasi. Karatasi nayo iwe kubwa, hata ya kaki ya kufungia bidhaa, ili mkono utembee kutoka begani na si vidoleni, kwa kuwa vidole vimezoea mwandiko, na mwandiko una adabu zake. Rangi zitafuata. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia mbao nyembamba za dari na rangi ya baiskeli. Asiwepo, basi, wa kujizuia kwa kukosa vifaa vya ghali.

Usichore uso unaolia, ambao macho ya watu yameuzoea hata hayaujali tena. Chora mahali dhiki inapokaa mwilini. Jakamoyo langu lilikaa chini ya mbavu za kushoto, nikalichora kwa kusugua mkaa mahali pamoja mpaka karatasi ikang'aa kwa weusi, kisha nikafuta katikati kwa tonge la mkate laini, ambao huondoa mkaa bila kuikwaruza karatasi. Weupe uliotokea ulikuwa na umbo la mlango. Sikuukusudia, wala sijaufasiri mpaka leo.

Nyuma ya picha andika tarehe na neno moja, kwa penseli. Hata juu ya picha mashuhuri ya mchoraji Edvard Munch wa Norwei, ile ya mtu apigaye ukelele, ya mwaka 1893, pana maneno madogo ya penseli yasemayo kuwa hakuna awezaye kuichora ila mwendawazimu. Wengi walidhani ni kejeli ya mtazamaji fulani, hata mwaka 2021 makumbusho ya taifa ya Oslo yalipothibitisha kuwa mwandiko ni wa Munch mwenyewe.

Kuionyesha au kuificha ni hiari yako; mimi huonyesha mtu mmoja tu. Walakini usiifanye picha badala ya tabibu. Yayoi Kusama wa Japani, mchoraji wa madoa yasiyo na idadi, alihamia kwa ikhtiari yake katika hospitali ya maradhi ya akili mjini Tokyo mwaka 1977, akaendelea na kazi katika karakana iliyo karibu. Nawe, ikiwa fikira ya kujidhuru imekujia, usingoje picha ikamilike: ichukue kama ilivyo, leo hii, ufuatane na mtu unayemwamini mpaka hospitali, uiweke mbele ya daktari.