LENZI IPI UWANJANI?

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mwaka jana nilikabidhiwa kamera ya chama nipige picha za fainali ya kandanda. Nahodha wetu, akiwa Kidato cha Nne, akafunga bao la ushindi. Nikabonyeza! Tulipoitazama picha, wee! Nyasi tele, naye nahodha mdogo kama siafu. Ameshamaliza shule, na bao lile halitarudi.

Nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia.

"Ulikuwa umbali gani?"

"Kama mita 50 hivi, mwalimu."

Akaniandikia hesabu ubaoni: zidisha umbali kwa 36, yaani upana wa picha ndani ya kamera yetu kwa milimita, kisha ugawanye kwa namba ya lenzi. Lenzi yangu ilikuwa ya milimita 50. Basi 50 × 36 ÷ 50 ni mita 36! Kumbe nilipiga theluthi ya uwanja mzima. Lenzi ya 200 ingenipa mita 9. Ya 300, mita 6 tu.

Lakini jihadhari: lenzi ndefu hukuza hata mtetemo wa mkono. Weka kasi ya 1/500 ya sekunde au zaidi.

Je, kama huna lenzi ndefu? Usikate tamaa. Sogea kando ya goli. Ukiwa mita 12 kutoka kwa mchezaji, lenzi ileile ya 50 hukupa kama mita 9.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, pima umbali kwanza, lenzi baadaye. Mwaka huu nitakuwa kando ya goli!