TUJIFUNZE: KING'ORA KIKILIA KINA JAMBO

Wazee wetu walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Pembe ikilia kijijini, watu waliacha majembe wakasikiliza. Leo tujifunze juu ya mbiu ya wenzetu wa Marekani. Mbiu hiyo ni king'ora.

King'ora ni nini?

King'ora ni chombo cha kutoa sauti kubwa ya kuonya watu. Pengine umekisikia kwenye gari la wagonjwa au la zimamoto. Lakini ving'ora tunavyovisema hapa havitembei. Vimefungwa juu ya nguzo ndefu au juu ya paa. Huko Marekani vingi viliwekwa miaka ya 1950, watu walipoogopa mabomu ya vita. Siku hizi, katika majimbo ya katikati ya nchi hiyo, hulia hasa kukija upepo wa hatari. Upepo huo huzunguka kama kisulisuli, lakini nguvu zake ni kubwa mno. Huweza kung'oa nyumba nzima.

Kinaliaje?

Ndani ya ving'ora vingi mna gurudumu lenye nafasi. Mota ya umeme hulizungusha. Hewa inayotoka hukatwakatwa na nafasi hizo, na kila mkato ni pigo moja la sauti. Hebu tufanye hesabu. Gurudumu lina nafasi 10. Linazunguka mara 50 kwa sekunde moja. Basi, 10 × 50 = mapigo 500 kwa sekunde. Ndiyo maana sauti huanza nzito, kisha hupanda kadiri gurudumu linavyokwenda kasi.

Watu wanaotafuta ving'ora

Wapo watu huko ambao wakimaliza kazi hujifurahisha kwa kutafuta ving'ora vya eneo lao. Hawalipwi hata senti. Huchukua daftari, kalamu na kamera. Huandika: king'ora kiko wapi? Kilitengenezwa na kiwanda gani? Kinazunguka au kimesimama? Halafu huchora ramani.

Siku ya majaribio huenda kusikiliza. Mjini Chicago majaribio hufanywa Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa 4 asubuhi. Katika jimbo la Minnesota ni Jumatano ya kwanza, saa 7 mchana. Wenye busara husimama mbali au huziba masikio, maana sauti ya karibu huharibu masikio. Wala hawapandi nguzo. King'ora ni mali ya umma.

Utasema, "Aa, huo ni mchezo tu!" Sivyo, ndugu. Mtu huyo anajua king'ora kipi kilinyamaza siku ya majaribio, naye anaweza kuwaarifu wahusika. Tena anajua maana ya sauti anayoisikia.

Sauti peke yake haitoshi

Tarehe 22 Mei 2011 upepo wa namna hiyo uliupiga mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Ving'ora vililia kabla. Lakini watu wengi hawakujificha mara moja. Walikwisha kuvisikia mara nyingi bila kuona jambo, kwa hiyo walingoja dalili nyingine. Watu zaidi ya 150 walikufa.

Tarehe 8 Agosti 2023 moto uliteketeza mji wa Lahaina, katika visiwa vya Hawaii. Huko ving'ora vilikuwapo, ila havikupigwa. Mkuu wa shughuli za dharura alieleza kwamba watu wamezoea kuwa king'ora ni cha mawimbi makubwa ya bahari. Aliogopa wangekimbilia mlimani, na moto ulikuwa huko huko. Watu wapatao 100 walikufa.

Basi tunaona nini? Sauti huokoa pale tu watu wote wanapojua maana yake na la kufanya.

Na sisi je?

Kijijini kwetu hatuna king'ora. Lakini tuna ngoma, filimbi, yowe, na rimu ya gari iliyotundikwa shuleni. Chukua daftari lako. Chora mistari ufanye safu nne, uandike:

1. Sauti gani?
2. Maana yake nini?
3. Nani anaipiga?
4. Inasikika mpaka wapi?

Safu ya nne usiijaze kwa kukisia. Mwombe mwenyekiti wa kijiji siku ya kujaribu, na watu wote watangaziwe mapema, wasije wakakimbia bure. Wengine wasimame nyumba za mwisho wasikilize. Kama huko hawasikii, zungumzeni mkutanoni mfanye nini.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu wengi wa Joplin hawakujificha mara moja?
2. Gurudumu lina nafasi 12, linazunguka mara 40 kwa sekunde. Ni mapigo mangapi?
3. Usiku wa leo ikilia rimu ya shule, kila mtu nyumbani kwako atajua la kufanya?