SOMO: MTU MPYA AKIPEWA NCHI



Mara nyingi tunasikia watu wakisema, "Wanasiasa wote ni wale wale. Afadhali tupate mtu mpya kabisa." Je, mtu ambaye hajawahi kufanya kazi serikalini akipewa nchi, mambo hunyooka? Tuangalie yaliyotokea Peru, Amerika ya Kusini.

Hali ilivyokuwa
Mwaka 1990 bei za vitu Peru zilipanda kwa zaidi ya asilimia 7,000. Waasi wa Shining Path walikuwa wanaua watu vijijini. Wananchi walichoka na vyama vya zamani.

Mtu mpya
Alberto Fujimori alikuwa mtaalamu wa kilimo na mkuu wa chuo kikuu cha kilimo. Alifanya kampeni juu ya trekta, akiahidi uaminifu, teknolojia na kazi. Juni 1990 alimshinda mwandishi mashuhuri Mario Vargas Llosa.

Yaliyofuata
Kwenye kampeni alipinga kupandisha bei kwa ghafla. Agosti akafanya jambo lile lile. Baadaye mfumuko wa bei ulishuka, na mwaka 1992 kiongozi wa waasi akakamatwa. Hayo mazuri tusiyafiche.

Lakini hakuwa na chama chenye mizizi, wala wabunge wa kutosha. Badala ya kujadiliana nao, aliegemea jeshi na idara ya ujasusi. Tarehe 5 Aprili 1992 alifunga Bunge, na wengi wakashangilia. Basi, hapo breki zikakatika. Mwaka 2000 ilionyeshwa video ya mshauri wake, Vladimiro Montesinos, akimhonga mbunge. Fujimori alikwenda Japani, akajiuzulu kwa faksi. Mwaka 2009 alihukumiwa miaka 25 jela, kwa sababu ya mauaji ya raia yaliyofanywa na kikosi cha jeshi.

Tunajifunza nini?
Kuwa mgeni serikalini sio kosa. Lakini pia sio sifa ya kutosha. Anayeingia peke yake lazima ataegemea mtu, na sisi wapiga kura tunapaswa kujua mapema ni nani. Tena, tukishangilia kiongozi akivunja sheria kwa sababu tumewachoka wapinzani wake, kesho hatutakuwa na pa kulilia.

Maswali ya kikundi
1. Mtu mpya akija kuomba kura, tumwulize nini zaidi ya "wewe ni msafi?"
2. Kwa nini watu wa Peru walishangilia Bunge kufungwa? Sisi tungefanya nini?
3. Katika kamati yetu ya maji au kikundi cha akiba, nani anaweza kumwambia mwenyekiti "hapana"?