Kabla ya Saa Moja Usiku: Faraja Ndogo Ndogo za Miezi ya Kwanza ya Korona

Somo la toleo hili linarudi nyuma hadi mwaka wa 2020, na si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake. Mombasa ni mji wa bandari na wa wageni, na maradhi yanayosafiri na watu yatapita tena kwetu siku moja. Watu wa mipango ya dharura huuliza vitanda ni vingapi, dawa ziko ghala gani na nani atampigia nani simu. Hapa tunauliza jambo jingine: watu wa kawaida waliwezaje kuishi chini ya masharti yale, mwezi baada ya mwezi, bila kukata tamaa?

Tuanze na tarehe, maana wengi zimeanza kutuchanganyikia. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la ulimwengu. Ijumaa tarehe 13, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini Kenya. Jumapili iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe, na ibada za pamoja misikitini na makanisani zikasimama siku chache baadaye. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Haya yote yalitukia kabla ya mwezi mmoja kutimia tangu kutangazwa mgonjwa yule wa kwanza.

Sasa tuitazame ile saa moja usiku, maana ndipo penye somo lenyewe.

Kwa mwenye sebule, feni na ua wake, kafyu ya saa moja ilikuwa usumbufu. Lakini wakazi wengi wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu wamepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na milango huku na huku, familia kadhaa zikitumia choo kimoja na mfereji mmoja. Chumba hicho ni cha kulala. Sebule yao iko nje: barazani, kwenye benchi la kibanda, ukingoni mwa barabara panapokaangwa viazi karai na mihogo. Machi ndiyo kilele cha joto hapa Pwani. Chini ya mabati mtu haingii ndani kabla ya usiku kupoa, na sheria ikasema aingie saa moja. Aliyekuwa akiona watu wamesimama vichochoroni saa moja na dakika tano akasema ni wakaidi, mara nyingi hakuwa ameingia katika chumba walichoambiwa waingie.

Kisha kulikuwa na biashara za jioni. Mwenye kuuza mishikaki, maji ya ukwaju au mahamri huanza kuuza jua linapoelekea kuzama. Muuza kahawa na dele lake hutegemea watu waliokwisha kuswali magharibi. Kafyu haikuwapunguzia saa moja au mbili za kazi, iliwachukulia kazi nzima. Na siku ya kwanza yenyewe, umati uliokuwa ukikimbilia kuvuka Likoni kabla ya saa moja uliishia kurushiwa vitoa machozi na polisi kivukoni. Matatu za abiria 14 zilikuwa zimeamriwa kubeba 8, nauli zikapanda, na safari ya kurudi nyumbani ikarefuka kuliko siku ya kazi ilivyofupishwa.

Walifanya nini? Waliisogeza jioni. Yaliyokuwa yakifanywa baada ya magharibi yakaletwa alasiri. Wauza kahawa wakaanza mzunguko saa kumi, na viazi karai vikaliwa wakati ambapo zamani mtu angeonekana mlafi. Waliozoea kucheza bao na keram hadi saa nne za usiku wakamaliza michezo mapema, na ubishi wakauhamishia kwenye simu. Hakuna aliyewaagiza, wala hakuna kamati iliyokaa. Kila mtaa ulijipimia saa zake upya, na palipowezekana kufanya hivyo watu waliitii kafyu vizuri zaidi kuliko palipokuwa hapana nafasi hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ramadhani, iliyoingia mwishoni mwa Aprili. Majira hayo jua la Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kutoka adhana ya magharibi hadi kafyu zilibaki dakika arobaini tu. Misikiti imefungwa, tarawehe ni za nyumbani, na mtu wa Kilifi hawezi kuja kufuturu kwa dadake Majengo. Ingelitarajiwa kwamba desturi ya kupelekeana futari ingekufa mwaka ule. Haikufa. Sahani za mbaazi za nazi, kaimati, tambi na mihogo ziliendelea kutoka mlango hadi mlango, ila zikitoka mapema zaidi, zimefunikwa, zikawekwa kizingitini, na mletaji akarudi nyuma hatua mbili kabla ya kuita hodi. Agizo lilikuwa umbali wa mita moja na nusu. Desturi inasema sahani hairudi tupu. Vyote viwili vikatimizwa kwa pamoja. Wakristo nao walikuwa wamepitisha Pasaka tarehe 12 Aprili kwa ibada za redioni na kwenye televisheni, na mahali pengi sahani zilivuka ukumbi siku hiyo pia, kwa upande wa pili.

Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo matangazo ya dharura yanapopaswa kujifunza. Tangazo linaloorodhesha yaliyofungwa tu humwacha msikilizaji ajikisie kilichobaki, na mwenye kukisia hukisia vibaya: mmoja anajifungia hata asichote maji, mwingine anaona kwamba kwa kuwa kila kitu kimeharamishwa basi hakuna haja ya kufuata chochote. Sharti likitolewa pamoja na saa na namna ya kufanya kile kidogo kinachoruhusiwa, watu hulibeba. Faraja ndogo haishindani na sheria ya afya. Ndiyo inayoiwezesha sheria kuishi zaidi ya wiki moja.

Tuje kwenye maji na sabuni, jambo ambalo lilirudiwa hadi likachosha ingawa sababu yake ilielezwa kwa nadra. Kirusi cha korona kimevaa koti la mafuta. Kila aliyewahi kuosha sahani ya pilau anajua maji matupu huteleza juu ya mafuta, na sabuni ndiyo huyakamata. Sabuni hufanya vivyo hivyo kwa lile koti. Huling'ang'ania upande mmoja na maji upande mwingine, koti linapasuka na kirusi kinakuwa si kitu. Inachukua kama sekunde 20 za kusugua, na sabuni ya mche ya kufulia inatosha. Waliopanga foleni kununua sanitaiza ghali huku wana kipande cha sabuni nyumbani walipoteza pesa bure.

Shida yetu ilikuwa maji. Kwa anayenunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni, kuambiwa aoshe mikono mara kumi kwa siku ni kuambiwa achague kati ya mikono na ugali. Jibu lilikuwa kibuyu chirizi, kitu cha zamani kilichorudi kwa heshima. Unachukua mtungi mdogo wa lita 3 au 5, unatoboa tundu dogo karibu na shingo kwa msumari uliopashwa moto, unaupitishia fimbo mkononi mwake na kuutundika kati ya nguzo mbili. Kamba inafungwa shingoni mwa mtungi hadi kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, mtungi unainama na maji yanachirizika, ukiachia, yanakatika. Sabuni inaning'inia kando kwa uzi. Mkono haugusi mtungi wala bomba, na maji yanayotumika ni kidogo mno kuliko ya kopo. Mwaka huo huo mtoto wa miaka 9 kutoka Bungoma aliunda mashine ya mbao ya kunawia inayoendeshwa kwa mguu, na Rais akamtunuku mwezi Juni. Hapa kwetu vibuyu chirizi vilisimama mbele ya vibanda vingi, na vingi vimekwisha kung'olewa. Kipindupindu, kwa bahati mbaya, bado hakijang'olewa.

Faraja nyingine ilipitia simu. Tangu tarehe 17 Machi kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bila malipo. Nia ilikuwa kupunguza kugusana kwa noti, lakini watu waliligeuza jambo hilo kuwa salamu. Asiyeweza kuvuka mpaka wa kaunti kumwona bibi yake alimtumia shilingi 100 ya sabuni au ya majani ya chai, kisha akapiga simu kuuliza kama imefika. Shilingi mia haikuwa jambo kubwa. Kilichotakiwa ni kisa cha kupiga simu.

Simu hiyo hiyo ilileta balaa la sauti zilizorekodiwa na watu wasiojulikana, kila moja ikiapa kwamba limao, tangawizi au mvuke wa mwarobaini unaponya. Chai ya tangawizi ni faraja ya kweli, na mwandishi huyu hataikana. Dawa ya korona haikuwa. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani mwezi huo wa Machi ulikuwa rahisi: fuata habari mara moja au mbili kwa siku, kwa wakati maalumu, kutoka mahali panapoaminika, na uwapangie watoto ratiba ya siku. Kwetu Kenya taarifa ya Wizara ya Afya ya kila alasiri iligeuka saa ya ukutani ya nyumba nyingi. Waliosikiliza ile moja na kuzima walilala kuliko waliosikiliza tangu asubuhi.

Watoto walikaa muda mrefu kuliko tulivyodhani. Baadhi ya madarasa yalirejea tarehe 12 Oktoba, na waliobaki tarehe 4 Januari 2021. Vipindi vya masomo vya KICD kwenye redio ya KBC viliwasaidia wenye redio. Kwa wengine mwalimu alikuwa dada mkubwa na ubao ukawa mlango. Alasiri, kabla ya mvua za masika kushika, tiara zilijaa juu ya mapaa. Wazee waliosahau kutengeneza tiara walilazimika kukumbuka.

Haitakuwa haki kulieleza jambo hili kana kwamba lilikuwa tamu kwa kila mtu. Zipo nyumba ambamo kufungiwa ndani kulikuwa ndiyo hatari yenyewe, kwa mke au kwa mtoto, na hakuna kaimati inayotibu hilo. Nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia na 116 ya watoto hupigwa bila malipo. Ziandikwe nyuma ya mlango leo, wakati hakuna anayezihitaji. Vilevile yupo kibarua aliyelala na njaa kwa sababu kazi yake ilikuwa ya kutwa na kutwa ikafungwa. Kwake faraja ndogo ya kwanza ilikuwa unga, na mara nyingi aliyempa alikuwa jirani kabla ya kuwa lori la msaada.

Kwa vikundi vya akina mama, vyama, vijana na wahudumu wa afya ya jamii watakaolitumia somo hili katika mikutano ya mtaa, tunapendekeza mazungumzo yasianze na ugonjwa. Waulizeni watu kwanza: mwaka wa 2020 ulikosa nini zaidi, na ulikibadilisha kwa nini? Majibu yaandikwe, hata yakiwa ya kuchekesha. Kisha mtaa ujiulize ni nani hakuna aliyempelekea sahani, na anaishi mlango wa ngapi. Maji yakikatika wiki mbili, kibuyu chirizi kitasimama wapi, na nani atakijaza? Kafyu ikirudi, ni biashara zipi za jioni zinaweza kuhamia alasiri, na ni zipi haziwezi na hivyo wenyewe watahitaji kusaidiwa tangu siku ya kwanza? Karatasi ya majibu ikabidhiwe kwa msimamizi wa wadi, na nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa.