Mizizi, Mimba na Hamu ya Ndoa: Kijitabu cha Kaya za Nundu

Mzizi wa kimbiolongo hujulikana kwa harufu. Ganda lake la kahawia likikwanguliwa kidogo tu kwa ukucha, hutoa harufu tamu ya vanila yenye ukali wa tangawizi. Anayeutafuna huanza na uchungu, utamu ukaja nyuma yake, na kile kijiti kigumu cha katikati hutemwa. Mmea wenyewe ni mtambaazi wa msituni wenye majani mapana yenye umbo la moyo. Wataalamu wa mimea wanauita Mondia whitei. Waganda wanasema mulondo, Waluhya wa Kakamega mukombero, Wamalawi gondolosi. Kimbiolongo ndilo jina la Kongo, lililozoeleka sana Kinshasa. Kote huko mzizi huu hupewa kazi ileile: kumrudishia mwanamume nguvu zake na kuamsha hamu iliyolala.

Je, kazi hiyo unaiweza? Nchini Kameruni watafiti waliwapa panya wa kiume dawa iliyotolewa katika mzizi huo, na majibu yao yanafaa kusikilizwa na kila anayeuza au kununua mzizi sokoni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, mzizi ulioloweshwa kwa maji uliongeza homoni ya kiume, testosteroni. Katika utafiti mwingine wa mwaka 2001, uliochapishwa na kundi hilohilo, dawa ya mzizi huohuo ilipunguza utengenezaji wa mbegu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Panya walipoacha kupewa dawa hiyo, hali yao ilirudi. Ni mzizi mmoja, ila matokeo yalipingana. Basi mtu akisema tu kwamba "kimbiolongo ni nzuri", bado hajasema ilitengenezwa vipi, kiasi gani, kwa muda gani, wala mtumiaji ana ugonjwa gani. Majaribio ya panya nayo hayatoshi kumhakikishia baba wa familia kwamba atapata mtoto.

Nundu iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka, milima ya Itombwe ikiwa nyuma yake. Ni mahali ambapo elimu ya mimea imekutana kutoka pande nyingi. Wabembe wana yao, Wafuliiru wana yao, na tangu mwaka 2015 Warundi waliokimbilia kambi ya Lusenda wamekuja na yao. Mmea wa mubilizi ni mfano mzuri. Mrundi anauita umubirizi, Mshi anauita mubirizi, na wote wanakunja uso kwa uchungu uleule. Ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Mahale nchini Tanzania, Watongwe wanauita mjonso. Huko Mahale, Novemba 1987, mtafiti Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti ya dawa, walimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu, analala mara kwa mara. Alikata kichipukizi cha mjonso, akamenya ganda, akatafuna moyo wake na kufyonza maji. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu. Kalunde aliutambua mmea mara moja, kwa sababu watu wake huutumia kutibu tumbo, minyoo na homa.

Basi elimu ya wazee wetu si ya kudharauliwa. Lakini mubilizi unasifiwa kwa tumbo na homa, na pale unapopewa mwanamke kwa nia ya kusafisha uzazi, ndipo hofu inapoanza. Majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa maji ya majani yake yanaweza kuukaza mji wa mimba. Mwanamke anayetafuta mtoto anaweza kuwa tayari ana mimba ya wiki tatu bila kujua, huku akinywa kikombe cha mubilizi kila asubuhi.

Jambo kubwa la kijitabu hiki ni hili: mizizi mingi huanza kupikwa kabla ugonjwa haujajulikana, na karibu kila mara anayenyweshwa ni mwanamke peke yake. Maneno yenyewe yanaonyesha mzigo umeelekezwa wapi. Mgumba na tasa ni majina ambayo mama mkwe humrushia mke wa mwanawe, wala si mwanawe. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, shangazi analeta chupa. Wa pili, shemeji analeta unga. Wa tatu, ukoo unaanza kuzungumzia mke mwingine. Muda wote huo mume hajapimwa hata mkojo.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Linahesabu ugumba pale miezi 12 inapopita watu wakikutana mara kwa mara bila kinga na mimba haiji. Kwa wapenzi wengi tatizo liko kwa mwanamume, au kwa wote wawili. Mbegu zinaweza kuwa chache au dhaifu kwa sababu ya ugonjwa wa zinaa wa zamani, matubwitubwi yaliyompata akiwa mtu mzima, mishipa iliyovimba kwenye korodani, tumbaku, au kanyanga ya kila jioni. Mwanamume mwenye nguvu kitandani anaweza kabisa kuwa na mbegu zisizozalisha. Nguvu na mbegu ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kumewaponza wake wengi wasio na kosa.

Katika Afrika ya Kati sababu moja ya ugumba inajulikana kwa muda mrefu. Uchunguzi wa watu uliofanywa Kongo nzima miaka ya 1955 hadi 1957 ulionyesha kwamba katika baadhi ya mikoa wanawake wengi mno walifika uzeeni bila mtoto. Anatole Romaniuk, aliyeandika kitabu juu ya uchunguzi huo mwaka 1967, aliyahusisha mapengo hayo na magonjwa ya zinaa. Kwenye pwani hii hii ya eneo la Fizi, ambamo Nundu imo, kuna ushahidi mwingine. Che Guevara, ambaye alikuwa daktari kabla ya kuwa mpiganaji, alitua Kibamba Aprili 1965 kusaidia waasi, na kwa siku za mwanzo alitibu wagonjwa katika zahanati ya hapo. Katika kumbukumbu zake aliandika kwamba aliona wagonjwa wengi wa magonjwa ya zinaa, waliyoyapata zaidi katika safari za Kigoma. Ziwa huleta ndagala na mikebuka, huleta pia wasafiri, na kisonono hakilipi nauli.

Kisonono na klamidia vina tabia mbaya ya kunyamaza kwa mwanamke. Mwanamume huungua anapokojoa, akakimbia kutafuta vidonge. Mkewe hasikii lolote, au husikia maumivu madogo chini ya kitovu ambayo huyaita baridi. Wakati huo mirija ya uzazi, ile njia nyembamba ambamo yai hukutana na mbegu, inavimba ndani, kisha inapona kwa kovu, na kovu linaiziba. Hakuna majani ya kuchemsha yanayofungua mrija ulioshikana kwa kovu. Ugonjwa ukikamatwa mapema, dawa ya kituo cha afya huumaliza kabla ya kovu, mradi mume na mke watibiwe kwa wakati mmoja. Anayetibiwa peke yake anaweza kuambukizwa tena wiki ileile.

Homoni nazo zina hadithi yake hapa Kivu. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi na taasisi ya Lwiro waliona watu wengi wenye rovu, ule uvimbe wa shingo, hasa kaskazini mwa kisiwa. Udongo ulikosa madini joto, lakini hilo peke yake halikutosha kueleza jambo. Walikuta kwamba muhogo mchungu usioloweshwa vizuri huacha mwilini kitu kinachoizuia tezi ya shingo kuyatumia hata hayo madini machache yaliyopo. Tezi hiyo ikilegea, damu ya mwezi huvurugika, mimba huchelewa au kutoka, hamu ya ndoa hupungua, na mtoto anaweza kuzaliwa akili yake ikiwa imedumaa. Nundu pia hula muhogo asubuhi na jioni. Kulowesha muhogo mchungu siku tatu hadi nne, kuuanika vizuri na kutumia chumvi yenye madini joto ni tiba ya homoni isiyouzwa na mganga yeyote. Chumvi hiyo ihifadhiwe ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na jua na moshi wa jiko.

Kuhusu hamu, mambo ni mengi zaidi kuliko mizizi. Mwanamume wa miaka 45 ambaye nguvu zake zimekatika polepole anaweza kuwa na kisukari au shinikizo la damu, kwa kuwa mishipa ya sehemu hiyo ni myembamba na huonyesha hitilafu mapema. Akilowesha mizizi katika kanyanga na kunywa kila usiku, shinikizo hupanda, na pombe yenyewe humshushia kile anachotaka kukiinua. Unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina la "asili" vina hatari nyingine: wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamekuta ndani yake sildenafil, dawa ileile ya Viagra, bila kuandikwa popote. Kwa mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za aina ya nitrati, mchanganyiko huo unaweza kuua.

Hamu ya mwanamke hupotea pia kwa uchovu, kwa uzazi wa karibu karibu, kwa maumivu, na kwa woga. Fizi inajua woga wa aina gani. Tarehe 1 Januari 2011 askari waliingia mji wa Fizi na kubaka wanawake wengi. Februari mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ya kuhamahama iliketi Baraka na kumhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, kifungo cha miaka 20. Mwanamke aliyepitia hayo hana upungufu wa mizizi. Anahitaji kusikilizwa, kutibiwa na kuwa na mume mwenye subira. Na yeyote atakayefanyiwa ukatili wa namna hiyo afikishwe kituoni kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufanya kazi ndani ya muda huo tu.

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona, lakini ni lazima lisemwe. Baadhi ya wanawake huweka ukeni majani, unga au shabu ili pakauke na kukaza, wakiamini ndivyo mume apendavyo. Utafiti uliofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 1993 uliieleza desturi hiyo kwa kina, pamoja na hatari yake. Ngozi ya ndani huchubuka, na mchubuko ni mlango wa virusi na wa vijidudu vinavyopanda hadi kwenye mirija. Anayefanya hivyo ili amshike mume anaweza kupoteza uzazi. Waume wenyewe wana la kusema hapa, na wakisema hawahitaji ukavu huo, desturi itaisha haraka.

Muhoko, ule mmea wa vishada vya matunda madogo, nao usiwekwe tumboni kwa njia yoyote, kinywani wala kwa kipira cha kusukumia dawa nyuma. Ni sumu. Vilevile mizizi ya kuharakisha uchungu wa kuzaa: mji wa mimba ukikazwa kwa nguvu wakati mtoto amekaa vibaya, unaweza kupasuka, na safari ya kufika hospitali kuu ya Nundu kwa pikipiki wakati wa mvua si ya kubahatishwa.

Mwenye kutaka kuendelea na dawa ya kienyeji hakatazwi mlango wa kituo cha afya. Waende wawili, mume na mke, siku moja. Waeleze miezi waliyokaa bila mimba, mimba zilizotoka, siku za hedhi, na kila dawa waliyokunywa. Mwanamume apimwe mbegu mahali penye kipimo hicho, akijua kwamba mbegu hukomaa kwa siku zaidi ya 70, kwa hiyo akiacha pombe leo, matokeo yatahesabiwa baada ya miezi mitatu. Mwanamke ahesabu siku zake. Yai hutoka karibu siku 14 kabla ya damu inayofuata, na siku chache zinazotangulia hapo ndizo zenye mtoto.

Na dawa yenyewe ibebwe hadi kituoni. Isibebwe unga ndani ya karatasi, kwa kuwa unga wote hufanana. Ibebwe tawi lenye majani, likiwezekana na ua lake, na kipande cha mzizi, ndani ya gazeti kavu, pamoja na jina lake kwa Kibembe, Kifuliiru au Kirundi na kipimo alichoagiza mganga.